Mtendaji Mkalafati

Mpaka leo kijijini kwetu anaitwa Mtendaji, ingawa ofisi ya mtendaji wa kijiji aliiacha miaka mingi iliyopita na wengine wamekwisha kuikalia wakaondoka. Hao wengine tunawataja kwa majina yao. Yeye jina lake hata mkewe halitumii. Akimwita kutoka uani husema, "We Mtendaji, chai inapoa," naye huitika kwa sauti ileile aliyokuwa akifungulia mikutano ya kijiji, kana kwamba chai nayo imeleta hoja.

Mimi ni jirani yake. Kati ya ua wangu na ua wake pana kitalu, uzio wa makuti, ambacho kila mwaka tunakubaliana kukitengeneza na kila mwaka hatukitengenezi, kwa hiyo mengi ya nyumba ile nimeyasikia bila kuyatafuta. Nalima mwani, na marehemu mume wangu aliniachia mashua moja ya kubebea magunia na abiria. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba ninapomcheka Mtendaji, namcheka nikiwa na haki. Mashua ya kwanza aliyowahi kuikalafati peke yake ilikuwa yangu.

Wakati wa ofisi yake alikuwa mtu wa kupendeza kumtazama. Shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kalamu mbili mfukoni, na muhuri kwenye kibweta chake cha bati. Akipiga muhuri hakupiga kama watu wengine. Aliunyanyua, akausimamisha hewani kidogo ili mwenye shida aone kwamba jambo lake liko karibu kutimia, kisha akaushusha mara moja, pa! Baada ya pa hiyo hakukuwa na mjadala.

Maneno yake yalikuwa ya ofisini hata sokoni. Mvua ikinyesha alisema "zoezi la mvua linaendelea." Mtoto wake akipata surua alisema familia inakabiliwa na changamoto. Na hotuba yake kubwa, tuliyoijua wote kwa moyo, ilikuwa ya kujiajiri. "Ndugu wananchi," angesema, "msikae mkisubiri serikali. Mikono mnayo. Shikeni ufundi!" Alisema hivyo huku yake miwili ikiwa mifukoni.

Mikono yenyewe ilikuwa laini kama ya bibi harusi. Katika kisiwa hiki ambacho ukitupa jiwe linaangukia mnazi, Mtendaji alikuwa hajui kufua nazi. Nimemwona kwa macho yangu akihangaika na kifuo, nazi inamponyoka, inabingirika mpaka kwangu, naye anaifuata akijifanya anatembea tu. Mkewe alikuwa akizirusha nazi juu ya kitalu na kuniambia, "Mama Mwajuma, nifulie mbili, Mtendaji ana kikao."

Tena alikuwa anaogopa bahari. Hili alilificha vizuri zaidi ya suala la nazi. Kikao kikiitwa visiwa vya jirani, Juani au Chole, alipanda chombo akiwa wa mwisho, akashuka wa kwanza, na katikati ya hapo alikaa chini kabisa, magoti kifuani, macho yake hayaachi mbao. Sisi tulidhani anafikiria mambo ya kijiji.

Kisha ikaja amri kwamba wasio na cheti cha kidato cha nne hawataendelea na kazi. Tangazo lilifika ofisini kwake kama matangazo mengine, na kama matangazo mengine alilibandika mwenyewe kwenye ubao, akalinyoosha pembe, akarudi nyuma hatua moja kuhakikisha limekaa sawa. Ndipo akalisoma. Waliokuwepo wanasema alilisoma mpaka mwisho, akasema, "Kwa ujumla wake, limeeleweka," akaingia ndani kuchukua kibweta.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu kuitazama. Kila asubuhi aliamka, akaoga, akavaa shati la pasi, akakaa barazani kwake saa za kazi. Saa za kazi zikiisha, aliingia ndani. Watu kwa mazoea walimletea ugomvi wa mipaka na mbuzi, naye aliwajibu kwa heshima kwamba suala hilo haliko tena mezani kwake. Waliendelea kukaa hapohapo wakilizungumza, na yeye aliendelea kusikiliza, kwa sababu pa kwenda hakuwa napo. Mkewe ndiye aliyeibeba nyumba kwa vitumbua. Hakulalamika muda mrefu. Lakini siku moja nilimsikia, nikiwa nafua nguo, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyechoka tu.

"Mtendaji."

"Naam."

"Ile hotuba yako ya kujiajiri nimeisikia miaka yote. Leo nataka kuiona."

Mkewe alinambia baadaye kwamba aliitazama chai mpaka ikaganda utando, kisha akasema, "Nitafanya tathmini."

Tathmini hiyo ilitoka na kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Tulidhani atafungua duka. Mwanamume wa makamo, mvi zimeanza, maneno anayo, duka lingemfaa. Yeye akatangaza kwamba anakwenda Jibondo kujifunza ukalafati: kazi ya kuziba maungio ya mbao za vyombo kwa pamba, ili maji ya bahari yabaki baharini. Alisema kuna pengo. Na kweli lilikuwepo, kwa sababu mkalafati wa mwisho wa upande wetu alikuwa haoni tena, na mwenye mashua inayovuja alilazimika kuipeleka Jibondo na kungoja zamu yake. Lakini pengo ni jambo moja, na Mtendaji kuwa ndiye wa kuliziba ni jambo jingine. Barazani watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtu ambaye nazi inamshinda anakwenda kushika nyundo!

Jibondo ni kisiwa cha mawe na mafundi. Maji ya kunywa siku zile yalivushwa kwa vyombo, na mtu wa kule akikualika kikombe cha maji amekualika kitu. Mtendaji alifika akiwa amejaza madumu ya maji kama ada yake ya kufundishwa. Wazo hilo lilikuwa la mkewe, na hilo ndilo lililomsaidia, maana lililobaki lote lilikuwa dhidi yake. Fundi aliyemwendea alikuwa anamjua. Kumbe miaka ya nyuma Fundi huyo alihitaji muhuri wa Mtendaji ili asafirishe mbao zake, na Mtendaji alimzungusha. Njoo kesho. Njoo kesho. Mbao zilinyeshewa mpaka zikapinda.

Haya yote nayajua kwa Fundi mwenyewe, ambaye si mtu wa siri. Anaongea kuliko redio, anapiga nyundo huku anaongea, na nusu ya anayosema kuhusu dunia si kweli. Ila hili la Mtendaji analisimulia vilevile kila mara, na Mtendaji mwenyewe akiwepo hakanushi.

Mtendaji alishusha madumu, akatoa salamu, akaeleza nia yake kwa urefu. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akampokea madumu, akasema:

"Njoo kesho."

Mtendaji akalala msikitini. Kesho yake akaja.

"Njoo kesho," akasema Fundi.

Akalala tena. Akaja. Akaambiwa vilevile. Hakukasirika, au alikasirika kwa ndani. Ilikuwa asubuhi nyingine kama zile, Fundi amekwisha kufungua mdomo, Mtendaji akamwahi.

"Najua," alisema. "Kesho."

"La," akasema Fundi. "Leo ndiyo kesho. Shika pamba."

Jambo lililowachekesha zaidi watu wa Jibondo ni kwamba Fundi alikuwa mdogo kwa Mtendaji, mdogo wa kutosha kumwamkia. Na alimwamkia. Kila siku kazi ilianza hivi:

"Shikamoo, Mtendaji."

"Marahaba, Fundi. Hujambo?"

"Sijambo. Hii uliyoipiga jana umeiharibu. Toa yote."

Basi Mtendaji anatoa yote. Kazi ni kama hii: pamba inasokotwa, inalainishwa kwa mafuta ya nazi, inalazwa kwenye maungio ya mbao mbili, kisha inasukumwa ndani kwa chembeu, chuma chenye mdomo bapa kinachogongwa kwa nyundo ya mti. Juu yake inapakwa deheni, ule mchanganyiko mweupe wa chokaa na mafuta. Ukiisikia hivyo inaonekana ni kazi ya mchana mmoja. Mtendaji ilimchukua misimu miwili. Viganja vilichubuka, vikapona, vikachubuka juu ya vilipopona. Alijigonga kidole gumba mara nyingi kiasi kwamba, kwa maneno ya Fundi, pamba ilikuwa inapumzika.

Tatizo lake lilikuwa ule mkono wa muhuri. Aliinyanyua nyundo, akaisimamisha hewani, akaishusha mara moja, pa! na mara akahisi shauri limekwisha. Fundi akapiga kelele:

"Mtendaji, hii haitaki kupitishwa! Hii inataka kubembelezwa. Gonga kidogo, sogea. Gonga, sogea. Sikiliza inakwambiaje."

"Inaniambiaje?"

"Mie nitajuaje? Sikio ni lako."

Aliporudi kijijini alirudi mweusi, mwembamba, na amebeba sanduku la vifaa alilolishika kama alivyokuwa akikishika kibweta. Mkewe alimwangalia mikono, akaigeuza, akasema, "Hii ya nani?" akaingia ndani akalia. Mashua yangu wakati ule ilikuwa inavuja, na mwani ulikuwa umekauka tayari kwenda kuuzwa Kilindoni. Kungoja Jibondo nisingeweza. Nikasema basi, jirani ni jirani. Nikampa.

Ufundi alikuwa nao kiasi, lakini ofisi haikuwa imemtoka. Kabla ya kugusa ubao alituita wadau. Wadau ni mimi, shemeji yangu Faki ambaye ndiye nahodha, na mke wa Mtendaji aliyepita na sinia la vitumbua. Tukakaa mchangani. Akafungua kwa dua, akaeleza hali ya chombo, akaruhusu maswali.

"Utamaliza lini?" aliuliza Faki.

"Zoezi litakwenda kwa awamu," alisema Mtendaji.

Awamu zikaisha. Mashua ikawa nyeupe chini, inang'aa deheni, imependeza kuliko siku niliyoolewa nikaikuta. Siku ya kuishusha majini, Mtendaji alikuja amevaa boya la kujiokolea juu ya shati la pasi, limefungwa mpaka shingoni. Kumbe Fundi alimpa sharti la kazi: chombo ulichokiziba, safari yake ya kwanza na wewe umo. Ukikataa kupanda, usipokee kazi. Kwa hiyo Mtendaji akapanda, akakaa chini kabisa, magoti kifuani, na magunia ya mwani wangu yamepangwa kushoto na kulia kwake. Mie nilikaa nyuma kwa Faki. Asubuhi ilikuwa shwari, bahari haina hata kunyanzi.

Hatukuwa tumefika mbali. Nikasikia sauti yake, ya chini, ya ofisini kabisa.

"Mama Mwajuma, kuna changamoto ndogo ya maji."

"Ndogo kiasi gani?"

"Inadhibitiwa."

Faki akainama kuchungulia. "Mtendaji," alisema, "hiyo ndogo ndiyo iliyokufika kiunoni?"

Maji yalikuwa yanaingia katika mstari mzima, si tundu moja, kama mtu anayetokwa na jasho. Faki akageuza chombo. Mie nikanyakua sufuria, Mtendaji akanyakua ndoo, tukaanza kufua maji, kuyachota na kuyamwaga nje. Hapo ndipo nilipouona woga wake wote uliofichwa miaka ile. Alitapika kwenye ndoo, akaimwaga, akachota maji, akatapika tena, akachota. Macho yamemtoka. Midomo inasema shahada. Lakini hakuacha kuchota, hilo nalisema na nitaliapia. Tulifika pwani chombo kimekaa kama sinia, watu wamejaa ufukweni, na wa kwanza kucheka alianza kabla hata hatujakanyaga mchanga.

Hatukufa. Lakini mwani uliokauka ukilowa tena umeharibika, na ule ulikuwa mavuno yangu yote. Nilisimama pale khanga imenigandia mwilini, nikamwambia maneno ambayo watu bado wananikumbusha.

"Mtendaji, ungebaki na muhuri wako. Karatasi ikiharibika haizamishi mtu!"

Alivua boya, akalikunja, akaenda zake. Jioni hiyo kijiji kizima kilikuwa na wimbo mmoja, kwamba muhuri umevuja.

Ningependa kusema kwamba kesho yake alikuja kuomba radhi kwa maneno mazuri. Maneno mazuri alikuwa nayo ghala nzima. Alichofanya kilinishangaza. Maji yalipokupwa nilikwenda shambani kwangu, huko baharini ambako tunasimama majini kufunga mbegu za mwani kwenye kamba, nikamkuta Mtendaji na mkewe wamekwisha kufika. Amekunja suruali, maji mapajani, uso umemsawajika kwa hofu, anafunga mafundo. Wanawake wenzangu walikuwa wanakufa kwa kicheko.

"Mtendaji, hilo fundo au kitendawili?"

"Mtendaji, samaki huyo, kimbia!"

Na alikimbia, hatua mbili, kisha akarudi. Nilimwambia aondoke, anaharibu. Alisema, "Mwani wako nimeuharibu mie, mwingine nitaufunga mie." Aliufunga. Vibaya, nikawa nafungua nyuma yake na kufunga upya, lakini hakukosa bamvua hata moja, siku zile za maji kupwa sana, mpaka nilipovuna. Aibu ile naamini ilimfaa kuliko mafunzo yote, maana baada ya hapo hapakubaki kitu cha kijiji kumcheka nacho.

Katikati ya hayo alimwita Fundi kutoka Jibondo aje kuiona mashua. Fundi akaja, akaizunguka, akaibisha kwa kifundo cha kidole kama anayebisha mlango.

"Shikamoo, Mtendaji."

"Marahaba."

"Umepiga nje tu. Nje imekaza, ndani tupu." Kisha, kwa kuwa hawezi kunyamaza, akaeleza kwamba hata mwezi uko hivyohivyo, mtupu ndani, na kwamba Wazungu wanajua ila wanaficha.

Mtendaji aliitoa pamba yote. Safari hii hakuita wadau. Nilikuwa napita asubuhi namkuta, napita jioni namkuta, amelala ubavu chini ya mashua, sikio kwenye ubao, anagonga, anasogea, anagonga, anasogea. Siku moja nilisimama kumsikiliza asijue nipo. Nyundo ilikuwa inalia tok, tok, tok, sauti ya pamba iliyolegea, kisha polepole ikawa kali, kama unagonga jiwe. Akatabasamu peke yake. Akasogea.

Tuliposhusha mara ya pili alipanda tena na boya lake, akakaa palepale chini. Tulikwenda Kilindoni na kurudi. Maji hayakuingia hata ya kunawa. Alitapika safari nzima, kwenda na kurudi, kwa sababu ukalafati haukumponya tumbo.

Siku hiyo, tukiwa tunarudi, nilimuuliza kitu kilichokuwa kikinikereketa. "Nambie kweli. Kazi zote za duniani, na bahari unaiogopa hivi, kwa nini hii?"

Alijifuta mdomo kwanza.

"Nyie mkipanda chombo mnaangalia mnakokwenda," alisema. "Mie miaka yote hiyo nilikuwa naangalia mbao. Hakuna kazi nyingine niliyoitazama kwa muda mrefu kama hii."

Nadhani ndiyo siri yake yote, na si siri kubwa. Mafundi wengine huona ufa wakaona ufa. Mtendaji huona ufa akajiona amekwisha kuzama. Ndiyo maana hawezi kuharakishwa. Wenye vyombo humlaani, humwita kobe, humtishia kwenda Jibondo, kisha humngoja. Kuna mwenye mashua mmoja alimletea chombo kizee akamwomba akizibe kwa nje kipate msimu mmoja tu wa abiria. Mtendaji akakizunguka, akavua kofia, akasema, "Chombo hiki ni marehemu. Mimi huziba vyombo, sizikwi navyo." Yule bwana alimnunia muda mrefu. Mashua ile ikaishia kuwa kuni za vitumbua, na vilikuwa vitamu.

Sitaki mtu afikiri kwamba kazi ilimgeuza mtakatifu. Amekuwa na kiburi cha aina nyingine. Haketi kwenye chombo cha mtu bila kupitisha kidole kwenye maungio na kuguna. Harusini, badala ya kula, huzungumza deheni. Nazi hajui kufua hadi leo, na nadhani sasa amekataa kujifunza kwa makusudi. Na mkewe ana shauri ambalo halijapata hukumu. "Anaziba mashua za watu kutoka huku mpaka Kiegeani," huniambia juu ya kitalu, "na paa la jikoni kwangu linavuja. Ukimwambia anasema hiyo ni idara nyingine."

Hotuba ndizo zilizomtoka. Mtendaji mmoja wa hawa wa sasa, kijana mwenye vyeti vyote, aliwahi kumwalika kuzungumza na vijana kuhusu kujiajiri. Tulijaa ukumbini. Nilichukua na mkeka, nikijua urefu wa hotuba zake. Alisimama mbele, akaitoa mikono mfukoni, akaitazama kama anayesoma.

"Mwanzo inauma," alisema. "Baadaye inazoea. Asanteni."

Akaketi. Kijana wa watu alibaki amekamata kipaza sauti, hajui programu iendelee vipi.

Mara ya mwisho kukaa naye mahali nje ya ua wetu ilikuwa masika haya yaliyopita, kwenye hoteli moja ya wageni upande wa ufukwe mzuri. Kikundi chetu cha wakulima wa mwani sasa kinatengeneza sabuni za mwani, nami nilikuwa nimepeleka za kuwekwa vyumbani. Nikamkuta Mtendaji amesimama bustanini kwenye manyunyu, na sanduku lake, na meneja wa hoteli, kijana wa bara mwenye adabu, anazungumza naye chini ya mwavuli.

Mbele yao palikuwa na mashua nzee, imepandishwa juu ya magogo katikati ya majani. Hoteli iliinunua kwa mtu wa Jibondo kuwa pambo. Ndani yake wageni wangekaa kwenye mito wakinywa vinywaji vyao wakitazama bahari. Kabla ya masika walikuwa wamemwita Mtendaji kuitengeneza, na walimweleza wazi kwamba anatakiwa kuipendezesha nje tu, kwa kuwa haitagusa maji tena maishani mwake. Mtendaji alisema ameelewa. Kisha akaikalafati yote, ungio kwa ungio, juu mpaka chini, kama inayokwenda Bombay.

Mvua zikaja. Mashua ikajaa. Mito ikaelea. Wakaitoa mito, wakachota maji, mvua ikanyesha, ikajaa tena. Sasa vyura walikuwa wamehamia, na wageni walikuwa wakiwapiga picha.

"Mzee, hatusemi kazi ni mbaya," alisema meneja. "Kazi ni nzuri mno. Tunaomba utoboe tundu moja tu, chini, maji yatoke."

"Kutoboa sikufundishwa," alisema Mtendaji.

"Tundu dogo, mzee wangu."

"Dogo ndilo kubwa. Nimekwambia sikufundishwa."

Meneja akanitazama mimi, akitafuta mtu mzima wa kumsaidia. Nikaangalia sabuni zangu.

"Basi, tumwite fundi umeme wetu," alisema meneja. "Yeye ana drili. Utaruhusu?"

"Chombo ni chenu."

Fundi umeme akaja na drili yake, akapiga magoti chini ya mashua, akaweka ncha popote ilipoangukia. Mtendaji alikuwa amegeuza uso. Nilidhani ataondoka. Lakini aliposikia chuma kinagusa ubao aligeuka upesi, akamshika yule bwana mkono.

"Si hapo. Hapo ni kwenye ungio." Akapapasa kwa kiganja, polepole, akaweka kidole. "Hapa. Katikati ya ubao. Usiyumbe."

Drili ikalia. Maji yakatoka kwa nguvu, mkondo mmoja mnene kama kidole, yakamwagikia miguuni mwake na viatu vyake. Hakusogea. Meneja alishukuru akaenda zake, fundi umeme akaenda zake. Mtendaji akainama. Shati la pasi likaingia matopeni, naye akaanza kupita chini ya mashua ile yote, ubao kwa ubao, anapapasa kila ungio kwa kidole, anakitazama kidole, anapapasa tena, mpaka upande wa pili, mpaka maji yakawa uzi, mpaka yakawa matone.

Aliponyanyuka alikuwa na matope mpaka kidevuni. Akanionyesha kile kidole cha kupapasia, kikavu.

"Mama Mwajuma," alisema, "umeona mwenyewe. Yametoka tunduni tu."